Vitufe Nyuma ya Kufuli

Mũthoni tulimzika Giakanja, kwenye shamba la mama yake, siku ambayo ukungu ulikataa kuinuka juu ya majani ya chai mpaka saa sita. Nilikuwa nimetoka Nakuru alfajiri na bado nikachelewa, nikakuta hema limejaa, na mama mmoja wa kanisa mwenye kitambaa cheupe kichwani akanisukumia programu ya mazishi mkononi akiniambia nikae popote. Watu wengine wakipewa programu ya mazishi hutazama picha kwanza. Mimi hutazama herufi. Nikaona jina lake limeandikwa bila ile alama ndogo inayokaa juu ya u, na kidole gumba changu cha kushoto kikajikunja chenyewe juu ya karatasi, kikitafuta kitufe ambacho hakikuwepo. Baadaye, kaburi lilipokwisha kufunikwa na sisi tumesimama na sahani za wali na viazi, Wangechi, bintiye, alinivuta kando. Amekuwa mrefu kumpita mama yake. "Tata Nafula," akasema, yaani shangazi kwa lugha yao, "nikimwuliza mama nilizaliwa wapi alikuwa ananiambia, kazini. Kazini wapi? Ananyamaza. Wewe ulikuwepo." Nikamwambia nilikuwepo. "Basi uniambie yote. Usiniachie kitu." Nilimwambia pale pale, lakini kwa haraka na kwa vipande, maana watu walikuwa wakija kumpa pole na yeye akilazimika kuwageukia. Hapa najaribu kumwambia polepole.

Ofisi ya Bwana Gĩthĩnji ilikuwa katika jengo la mawe mjini Nyeri, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea sokoni. Chini alikuwa na duka la fotokopi lililosimamiwa na Macharia, mwanamume mwenye mvi na redio ambayo haikuzimwa kamwe. Juu palikuwa na vyumba viwili: cha mbele, alichokaa yeye na meza yake na viti vya wateja, na cha nyuma, tulichokaa Mũthoni na mimi. Katikati ya vyumba hivyo kulikuwa na mlango wa mbao uliokuwa wazi wakati wote, mbele yake grili ya chuma, na kwenye grili kufuli. Madirisha yetu yalikuwa na nondo na yalitazama ua wa nyuma, ambako kinu cha kusaga mahindi kilinguruma kwa vipindi tangu asubuhi hadi jioni, na kikishika kasi ulilazimika kuangalia midomo ya mwenzako. Kazi yetu ilikuwa kuandika maisha ya wafu. Watu walikuja kutoka Tetu, Mathira, Othaya na hata ng'ambo ya Kirinyaga na karatasi walizoandika kwa mkono, na sisi tukazigeuza kuwa programu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani, na nyimbo mbili za kuimba kaburini.

Gĩthĩnji alitufungia. Alikuwa na biashara ya pili, ya nyanya za jumla kutoka Kagio, kwa hiyo alikuwa mtu wa kutoka, na kila alipotoka alifunga grili kwa nje na kutia ufunguo mfukoni. Simu zetu alizichukua asubuhi akazitia kwenye droo ya meza yake, huko upande wa pili wa chuma, ambako tulizisikia zikilia. "Kompyuta ziliibwa hapo kwa jirani mchana kabisa," aliniambia siku ya kwanza, "na wasichana walikuwa ndani wanaongea na simu. Mimi si ati nawafungia nyinyi. Nafungia wezi wasiingie." Alisema hayo kwa upole, akinimiminia chai. Ningependa Wangechi alielewe jambo hilo, kwa kuwa ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, hakuwahi kututukana, na sikukuu alitupa sukari ya kwenda nayo nyumbani. Ukiwa umefungiwa na mtu mkali unajua umefungiwa. Ukifungiwa na mtu mpole, unajiuliza kama ni wewe mwenye kasoro.

Nilivyotoka kwetu upande wa Bungoma sitasimulia. Inatosha kusema kaka yangu Wafula alikuwa askari polisi pale Nyeri, kwamba ndiye aliyenitafutia kazi hiyo kwa Gĩthĩnji, aliyefahamiana naye kanisani, na kwamba kurudi nyumbani kulikuwa na maana moja ambayo sikuitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nililala katika nyumba ya Wafula kwenye laini ya polisi, zile nyumba za askari, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, mimi na watoto upande huu, yeye na wifi upande ule. Wifi alikuwa akipika ugali na mrenda, mboga ya kwetu, kila alipoupata, na mrenda haupatikani kirahisi Nyeri, basi tulikula sukuma wiki na tukazungumza juu ya mrenda. Kila jioni Wafula aliuliza, "Kazi inaendaje?" Nami nikajibu, "Inaenda." Niliamini anajua kuhusu kufuli. Niliamini walikubaliana, yeye na Gĩthĩnji, kama wanaume wawili wanavyokubaliana juu ya mahali salama pa kumweka msichana.

Kompyuta zenyewe zilitoka ng'ambo zikiwa zimechakaa. Vipanya havikuwepo, vya mwanzo viliibwa mipira ya ndani, na Gĩthĩnji akavitoa vyote. Programu ya kuandikia haikufanana hata kidogo na ile niliyofundishwa chuoni. Hakukuwa na picha za kubofya, ila kioo kitupu na mstari mmoja chini ambao mara kwa mara uliandika jambo kwa Kiingereza. Siku ile ya kwanza, kabla hata chai haijapoa, nilibonyeza kitu nisichokijua na programu ikanikamata. Kila herufi niliyogusa ilijibiwa kwa mlio. Haikuandika, haikufuta, haikutoka. Mũthoni, aliyekuwa ameketi mkabala nami ndani ya sweta kubwa la kijivu, akainua macho.

"Imekushika?"

"Imenishika."

"Hata mimi hunishika. Hapo mimi hungoja mzee arudi, anazima kwa ukuta."

"Na kazi uliyokuwa umeandika?"

"Inapotea. Unaanza tena." Akacheka. "Ukilia, lia upande huo, hii keyboard yangu haitaki maji."

Basi nikangoja. Nilikuwa nimefungiwa chumbani, na humo chumbani nimefungiwa tena ndani ya kompyuta, na sikuweza hata kusikia mawazo yangu kwa sababu ya kinu. Ilinipata hivyo tena kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne hasira zilinipanda. Nikashikilia kitufe cha kontroli na kubonyeza herufi zote kwa mfuatano, A, B, C, kama mtu anayejaribu shada la funguo za jirani. Nilipofika G, ikatoa mlio mmoja, mstari wa chini ukaandika kwamba imeacha, na kielekezi kikarudi mahali pake, kikipepesa kama hakuna kilichotokea. Nikakitazama. Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado na hasira, nikaendelea na herufi iliyofuata. H. Mstari wa chini ukaniuliza ninataka msaada gani.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo mwaka ule. Nilijibu kwa kubahatisha, na ukurasa ukafunguka: programu ilikuwa imebeba somo lake yenyewe tumboni, kurasa na kurasa, likimweleza yeyote aliyefungiwa nayo jinsi ya kuitumia. Tangu siku hiyo, Gĩthĩnji alipofunga kufuli na hatua zake zikashuka ngazi, nilifungua somo lile. Mũthoni alikuja na githeri yake, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe, mimi na viazi vyangu vitamu, tukala juu ya meza moja tukisoma. Kontroli na F kwenda mbele, na B kurudi nyuma, na A kwenda mwanzo wa mstari, na E mwisho wake. Programu ile haikusema kukata mstari, ilisema kuua. Na kilichouawa hakikupotea. Kiliwekwa mahali, na kwa kitufe kingine ulikirudisha, hata kama ulishaua vingine vingi baada yake. Mũthoni alisikia hayo akaacha kutafuna. "Kwa ofisi ya matanga," akasema, "hiyo ni maneno mazito."

Shida yetu kubwa ilikuwa zile alama. Gĩkũyũ kina i mbili na u mbili, na zile zenye alama hutamkwa karibu na e na o, na mwenye lugha akikuta neno bila alama yake anaona kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Kibodi haikuwa na herufi hizo. Tuliandika bila alama, tukapiga chapa, kisha Mũthoni akaziweka kwa kalamu, moja moja, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mkono ukamfa ganzi. Mimi sikuweza kumsaidia kwa kuwa sikujua ziende wapi. Niliandika lugha ile kama mtu anayenakili mchoro. Ndipo katika somo nikafika mahali palipoandikwa kwamba programu hii unaweza kuifundisha. Unaiambia, kitufe hiki, kuanzia leo, maana yake ni hii, na inakubali, na kesho inakumbuka. Ilinichukua wiki nzima ya milio na makosa. Nilipofanikiwa nilimwita Mũthoni, nikaweka kidole gumba cha kushoto kwenye kitufe cha Alt na kugusa u, na ũ ikatokea kwenye kioo, na alama yake. Akanisukuma kando. Akaandika jina lake. Akaandika jina la mama yake, akaandika Nyĩrĩ, akaandika Kĩrĩnyaga, akaandika majina ya watu wa kwao mpaka kioo kikajaa, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka, na keyboard yake ikapata maji.

Baada ya hapo hatukuzuilika. Kila juma tulipata jambo jipya. Kulikuwa na kitufe kilichotazama herufi mbili tatu ulizoandika na kukumalizia neno kutokana na maneno yaliyotangulia, na hivyo nikajikuta ninamaliziwa maneno ya lugha nisiyoijua, na kwa kumaliziwa nikaanza kuyajua. Mwarĩ wa, binti wa. Mũtumia, mke. Kulikuwa na namna ya kuiambia kompyuta itazame ninachofanya, ikariri, kisha irudie yenyewe mara nyingi nitakavyo. Na wasifu wa marehemu hurudiwa. Wote wamezaliwa, wote wameacha watoto, wote walikuwa watu wa watu. Niliifundisha kuweka kichwa, kupanga majina ya watoto, kuingiza nyimbo, na kazi ya siku nzima ikawa kazi ya asubuhi.

Kilichobadilika kila mara ni mabishano. Hayo tuliyasikia kupitia grili, wakati Gĩthĩnji yupo na wateja wake. Nakumbuka ndugu wawili waliomleta baba yao.

"Huyo mama wa Naro Moru hatawekwa kwa programu," mmoja akasema.

"Alimpikia mzee miaka yote hiyo."

"Kupika si kuolewa."

"Basi wewe ungempikia."

Kisha sauti ya Gĩthĩnji, ya upole: "Sasa niandike ama nisiandike? Kwa sababu msichana wangu amengoja." Mimi huku nyuma nilikuwa nimeshaliandika jina la mama wa Naro Moru, nikaliua, nikalirudisha, nikaliua tena, nikifuata sauti zao. Mwishowe waliliacha ndani. Nilifurahi siku nzima kana kwamba nimemtetea mimi.

Leo, watu wanaponiuliza ilikuwaje nikawa mpangaji wa kurasa za vitabu, huwaambia habari ya herufi mbili na kidole gumba, nao hupenda kuisikia. Sehemu inayofuata siwaambii. Nilikuwa mjinga nikamwonyesha Gĩthĩnji. Alirudi siku moja akakuta kazi ya wiki imepangwa mezani, akaisoma, akatikisa kichwa kwa furaha, na Jumatatu akaja na kazi mara mbili ya ile. Kisha akachukua kazi za mtu mwingine wa Karatina. Wepesi wote niliojipatia ulienda kwenye meza yake, na mimi nikabaki mahali pale pale, nikikimbia zaidi. Mũthoni ndiye aliyenifunga breki. "Wewe msichana, usimwonyeshe tena," akaniambia. "Ukimaliza, kaa nayo. Mpatie jioni." Kwa hiyo nilijifunza kuficha wepesi wangu. Lakini muda ule niliouficha niupeleke wapi, nami sina ruhusa ya kwenda hata kunyoosha miguu? Nilichora herufi kubwa kwa herufi ndogo. Nilifundisha kitufe kimoja kupeleka karatasi moja kwa moja kwenye printa ya Macharia huko chini, ili nisimwite mtu. Nilisoma somo lile mpaka mwisho na kulianza tena. Kuna uchovu wa kufanya kazi nyingi, na kuna uchovu wa kukaa mkono juu ya mkono nyuma ya kufuli. Huu wa pili ndio ulionila.

Ilikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi ya Nyeri inayoingia kwenye mifupa, ndipo nilipoelewa lile sweta. Mũthoni alikuwa amesimama dirishani akijinyoosha mgongo, na mwanga ukampiga ubavuni.

"Mũthoni."

"Usiseme."

"Miezi mingapi?"

"Nimesema usiseme." Kisha akaketi. "Huyo mwanamume ameenda, usiniulize. Mama anajua. Mzee akijua, ataniambia kwa upole nikae nyumbani, na mama anakula kwa hii kazi. Nikifika mwisho nitaomba ruhusa, nitasema ni malaria."

Tangu hapo nilijua muda wangu uende wapi. Nilifanya kazi zake na zangu. Yeye alisoma na kusahihisha, akiwa amelaza miguu juu ya boksi la karatasi, na mimi vidole vyangu vilifanya ya watu wawili, na jioni tukampa Gĩthĩnji mafungu mawili, moja lenye jina lake na moja lenye jina langu, mafungu ya kawaida ya wasichana wa kawaida. Katika mwaka ule wote hizo ndizo wiki nilizokuwa karibu na furaha. Kufuli lilikuwa bado palepale, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo mwenye ufunguo hakulijua.

Mwisho ulikuja kabla ya wakati wake. Gĩthĩnji alikuwa ameondoka kwenda Kagio kwa nyanya zake, na tulijua hatarudi hadi alasiri. Mũthoni alikuwa kimya tangu asubuhi, nikadhani ni baridi. Kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na maji yakamwagika chini ya kiti. "Nafula," akasema. Nilikwenda kwenye grili nikaitikisa. Nikapiga kelele. Nikaenda dirishani nikapiga kelele, na huko uani mwanamume wa kinu alikuwa amenipa mgongo akimwaga mahindi, na wanawake waliongoja unga wao hawakugeuka. Nilirusha kikombe kupitia nondo. Kilipasuka kwenye saruji na hakuna aliyesikia. Simu yangu ilianza kulia ndani ya droo ya Gĩthĩnji, ikalia, ikalia, ikanyamaza. Mũthoni alikuwa ameteremka sakafuni, mgongo ukutani, akipumua kwa meno. "Fanya kitu," akasema.

Nikakaa kwenye kompyuta. Wangechi alinisimamisha hapa, siku ile ya mazishi, akaniuliza kama nilikuwa na akili timamu, mtu anazaa na wewe unakaa kwenye kompyuta. Lakini kile ndicho kitu pekee chumbani kilichokuwa na njia ya kwenda nje. Niliandika kwa herufi kubwa: TUMEFUNGIWA JUU. MŨTHONI ANAJIFUNGUA. LETE NONDO. Nikabonyeza kitufe cha printa. Nikangoja. Redio ya Macharia niliihisi kupitia sakafu ikiendelea kuzungumza. Nikapeleka tena. Kisha nikaiambia kompyuta initazame, nikapeleka mara moja zaidi, nikaiambia irudie bila kuacha, nikainuka nikaenda kumshika Mũthoni mabega.

Macharia alituambia baadaye kwamba karatasi ya kwanza aliiona ikitoka akaigeuza kifudifudi juu ya rundo, akidhani ni programu ya watu wa Othaya. Ya pili vilevile. Ni karatasi zilipoanza kuanguka sakafuni, moja juu ya nyingine, ndipo alipoinama aziokote na macho yake yakasoma. Tulimsikia kwenye ngazi kabla ya kumwona. Hakuwa na nondo. Alikuwa na sururu ya mtu aliyekuwa akichimba mtaro nje, na alilipiga kufuli lile mpaka cheche zikaruka, na alipolivunja nyuma yake walikuwa wameshafika wanawake wawili kutoka kwenye kinu, wana unga kwenye nyusi. Mmoja wao alimtazama Mũthoni mara moja akasema, "Huyu haendi mahali. Ni hapa." Akamfukuza Macharia. Wangechi alizaliwa juu ya sakafu ya saruji, juu ya koti la mama yule na sweta langu, kinu kikinguruma, na alipolia sote tulimwona akilia kabla ya kumsikia. Mwenye kinu aliwapeleka hospitali kwa pikapu yake.

Gĩthĩnji aliporudi na kukuta kufuli limevunjika, alikaa kwenye kiti cha wateja kama mteja. Aliuliza kama mtoto yuko hai. Akavua kofia akaomba Mungu kwa sauti, na nadhani aliomba kwa kweli. Kisha akatutazama, Macharia na mimi. "Tuseme kufuli ilikwama," akasema. "Si ndio? Ilikwama." Macharia alikuwa na watoto wanne wa shule. Akasema ilikwama. Nami nilipofika nyumbani nikasema Mũthoni amejifungua kazini, na Wafula akasema amesikia, ati kufuli ilikwama, na Mungu ni mwema. Nikasema ndiyo. Wifi akaongeza sukuma kwenye sahani yangu. Kesho yake kulikuwa na kufuli jipya kwenye grili, kubwa kuliko la kwanza, na nilikuwa peke yangu.

Nilibaki kwa miezi miwili. Sina maneno mengi ya miezi hiyo. Niliandika, nilimaliza mapema, nilikaa. Kisha siku moja mteja mmoja, mwanamke mwenye haraka, alishangaa kwamba programu yake imekuwa tayari, nami nikasikia Gĩthĩnji akimjibu kwa fahari kupitia chuma. "Huyo wa ndani anaandika kama mashine," akasema. "Siri ni kumfungia. Mtu akifungiwa anatulia, mkono unakuwa mwepesi." Mikono yangu ilikuwa juu ya vitufe nilivyovifundisha mwenyewe, kimoja kimoja, kwa milio na makosa. Nikaiondoa.

Asubuhi iliyofuata alinifungulia grili niingie, nami sikuingia. Nilisimama upande wake.

"Nitaandika hapa nje," nikasema, "ama kwa mlango wazi. Sitafungiwa tena."

Alinitazama kama mtoto aliyekataa uji. "Nafula, hayo tutaongea na Wafula."

"Ongeeni."

"Atakurudisha nyumbani."

Nilikuwa nimelala na jambo hilo usiku mzima. "Anirudishe," nikasema. "Nipatie simu yangu, Bwana Gĩthĩnji." Akanipa. Nikashuka ngazi, nikapita mbele ya Macharia aliyejifanya anapanga karatasi.

Wafula alinikuta nimeketi upande wangu wa pazia, begi limefungwa. Nilimweleza yote nikitazama sakafu: grili, ufunguo, simu kwenye droo, kikombe nilichokirusha. Nilimweleza kwa ukali, nikidhani ninamweleza mtu anayejua. Alikuwa bado na sare. Alivua mkanda akauweka mezani, nami nikainua macho nikaona uso wake.

"Alikuwa anawafungia kila siku?"

"Si unajua."

"Najua nini? Aliniambia kufuli ilikwama." Akaketi kwenye kitanda cha watoto. "Nafula, mimi nafunga watu. Ndiyo kazi yangu. Lakini nikimfunga mtu hata mlevi lazima niandike nimemfunga kwa nini, na mkubwa wangu asome. Huyu aliandika wapi?" Mwaka mzima tulikuwa tumekula sahani moja, yeye akiuliza kazi inaendaje, mimi nikijibu inaenda. "Fungua hiyo begi," akasema. "Hakuna anayekwenda popote." Kesho yake alivaa nguo za nyumbani akaenda mjini. Aliongea nini na Gĩthĩnji hakuniambia, hata leo.

Jumamosi nilikwenda Giakanja kumwona Mũthoni. Alikuwa jikoni kwa mama yake, mtoto mgongoni, akimenya viazi vya kuponda mukimo. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza nani anaandika sasa. Nikamwambia hakuna, Gĩthĩnji amebandika tangazo, wasichana wataitwa Jumatatu. Akaendelea kumenya. "Basi Jumatatu tuko huko," akasema.

Tulisimama chini ya ngazi tangu asubuhi, yeye na shali lake na mtoto, mimi na koti la wifi. Kila msichana aliyefika na vyeti vyake kwenye bahasha tulimwambia: juu kuna grili, ina kufuli, uliza kabla hujaingia. Wengine walitushukuru wakarudi. Wengine walitudhania tunataka kazi ile sisi. Mmoja alisikiliza yote, akamtazama Wangechi, akatutazama. "Nimetoka mbali," akasema. "Siwezi kurudi hivi hivi. Lakini nimesikia." Akapanda.

Macharia alizima redio. Sijui kama ni kwa ajili yetu. Tulimsikia msichana akisalimu, kiti kikivutwa, sauti ya Gĩthĩnji ikieleza, hatua zikivuka kwenda chumba cha nyuma. Tukasimama tumeinua nyuso kama watu wanaongoja mvua. Kisha Gĩthĩnji mwenyewe akashuka ngazi na kofia yake, akielekea kwenye nyanya zake. Alipofika chini alisimama, akamtazama Mũthoni, akamtazama mtoto. Hatukuwa tumesikia kufuli likifungwa, na ufunguo haukuwa mkononi mwake. Alitupita akaenda zake, na huko juu, kupitia grili iliyoachwa wazi, tukamsikia msichana yule akianza kuandika, polepole, herufi moja, kisha nyingine.